Shajara ya mradi: maswali ya shindano la hesabu, kata yetu, Tanga

Januari, shule zimeshafunguliwa

Haya wadau, kazi imeanza. Shule za kata yetu, za msingi na za sekondari, tumekubaliana kufanya shindano moja la hesabu mwezi wa saba, washiriki ni darasa la sita, la saba na kidato cha kwanza, na kamati ya maswali ni watu watatu: mimi, mwalimu mwenzangu wa sekondari, na kijana mmoja aliyemaliza chuo anafundisha tuisheni hapa mtaani, yule ana kichwa kizuri sana na watoto wanampenda. Hapa nitakuwa naandika kila tulipofikia, swali gani limepita, gani limekataliwa na kwa nini, ili mwakani mwingine akipewa kazi hii asianzie sifuri.

Kikao cha kwanza tumekaa tu tukipitia mashindano ya nyuma na vitabu vya mazoezi. Asilimia kubwa ya tulichokuta ni Juma ana maembe 24, akampa Asha theluthi moja, je, amebakiwa na maembe mangapi. Sawa, jibu 16, hakuna ubaya, mtoto lazima ajue theluthi. Lakini hilo si swali la maisha hata kama lina embe ndani. Mi nimeweka sharti moja mezani na wenzangu wamekubali: chukua swali, toa maembe weka misumari, toa Juma weka fundi, alafu soma tena. Kama hakuna kilichobadilika, njia ileile jibu lilelile, basi embe halikuwa na kazi pale, lilikuwa pambo. Swali tunalolitaka ni lile ambalo ukigusa kitu chenyewe hesabu nayo inabadilika, na mtoto analazimika kukifikiria kile kitu ndo ajue afanye nini.

Sharti la pili limetoka kwa kijana wetu wa tuisheni na nimelipenda sana. Hesabu yenyewe iwe nyepesi. Kujumlisha, kutoa, kuzidisha, kugawanya, sehemu kidogo, basi. Ugumu uwe kwenye kujua ufanye nini na kwa nini, sio kwenye kugawanya namba yenye tarakimu sita bila kikokotoo. Mtoto anayeanguka kwenye kugawanya kurefu tunamjua tayari, mtihani wa kila mwezi unamuonyesha.

Februari

Wiki hii tumejaribisha maswali mawili ya kupima joto, hatukuwa na nia ya kuyaingiza kwenye pepa, tulitaka tu kujua tunasimama wapi.

La kwanza tuliliandika hivi: jahazi limetoka Pangani limebeba kondoo 26 na mbuzi 10, je, nahodha ana umri gani? Hili si letu, lina historia. Watafiti wa Grenoble kule Ufaransa waliwapa watoto wa shule ya msingi swali la namna hii karibu mwaka 1980, meli, kondoo, mbuzi na umri wa nahodha, na kati ya watoto 97 walioulizwa, 76 walitoa namba. Walijumlisha wanyama wakapata umri wa mtu! Sasa darasani kwetu ikawa vilevile, wengi wameandika 36, na ukimuuliza mtoto kwa nini 36 anakwambia "kwa sababu 26 jumlisha 10". Mmoja aliniambia, mwalimu, nahodha angekuwa na miaka 16 asingepewa jahazi, kwa hiyo si kutoa, ni kujumlisha. Nimeyaandika maneno yake kwenye daftari langu kwa sababu yule mtoto anafikiri, anafikiri vizuri kabisa, ila amefundishwa kwamba kila swali la mwalimu lina jibu na jibu linatoka kwenye namba zilizopo. Kumwambia "hili halina jibu" anaona ni utovu wa adabu.

La pili ni la magari. Wanafunzi 128 na walimu 7 wanaenda kutembelea mapango ya Amboni, kosta moja inabeba abiria 29, zinahitajika kosta ngapi? Marekani walilitoa la hivi mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwenye upimaji wa taifa zima, watoto wa miaka 13, askari 1128 na basi la watu 36. Kugawanya waligawanya vizuri tu, karibu 70 kati ya mia walipata 31 baki 12, lakini 29 kati ya mia wakaandika hivohivo, mabasi "31 baki 12", na waliosema mabasi 32 walikuwa 23 kati ya mia tu. Kwetu majibu yalikuja ya kila aina, 4 baki 19, nne nukta sita, wengine 4 kabisa. Kuna kijana wa kidato cha kwanza aliandika kosta nne na wale 19 wapande bajaji. Mwenzangu alitaka kumkosesha, mimi nikakataa, kwa sababu yule peke yake ameona kuna watu 19 wamesimama barabarani! Jibu lake limezaliwa na kufikiria watu wenyewe, na kwa shindano letu hilo ndo tunalitafuta. Tumebadili mawazo, tumekubaliana swali liingie sehemu A, ile ya maswali mafupi, likiwa na nyongeza: shule imekodi kosta tano, kila gari libebe idadi sawa ya watu na kila gari liwe na mwalimu angalau mmoja, je, kila gari litabeba watu wangapi? Zote tano zinatoka na watu 27 sawasawa, na mtoto lazima akumbuke kuwajumlisha walimu.

Machi

Huu mwezi umekwenda wote kwenye swali moja na sijutii hata kidogo.

Nilikwenda soko la Ngamiani kutafuta namba za kweli za bei, nikakuta gari la viazi la Lushoto linashusha, na magunia yote yamefungwa lumbesa, lile tumbo la juu limeshonewa kwa kamba mpaka gunia linaonekana na kichwa chake. Asiyejua, lumbesa ni gunia linalojazwa kupita mdomo wake, mkulima analipwa bei ya gunia moja lakini ametoa zaidi ya gunia moja. Serikali kupitia Wakala wa Vipimo inaipiga vita miaka yote na bado ipo. Mkulima anaijua kwa maumivu, lakini ukimuuliza amepoteza kiasi gani hasa, kwa mwaka, kwa shamba lile, hesabu hiyo wengi hawajawahi kuikalia. Pale pale nikasema hili ni la kwetu.

Swali lilivyo sasa: Mkulima amevuna kilo 1,500 za viazi. Bei ya gunia ni shilingi 60,000. Akifunga magunia ya kilo 100 atapata shilingi ngapi? Mnunuzi amemlazimisha afunge lumbesa za kilo 125 kwa bei ileile ya gunia, atapata ngapi? Mkulima amepoteza asilimia ngapi ya pesa yake? Na lumbesa moja ingetakiwa iuzwe kwa bei gani ili asipoteze chochote?

Kipande cha kwanza magunia 15, shilingi 900,000. Cha pili lumbesa 12, shilingi 720,000. Hapa kila mtu anafika. Kasheshe ni asilimia. Watoto karibu wote, na walimu kadhaa niliowaonyesha ofisini, wanajibu 25 bila kusita, kwa sababu kilo 25 juu ya 100 ni robo. Lakini pesa iliyopotea ni 180,000 kati ya 900,000, hiyo ni asilimia 20. Ameongezewa mzigo kwa robo, amepoteza moja ya tano. Namba mbili tofauti na zote ni za kweli, inategemea unalinganisha na nini, na ukishaielewa hii umeelewa kitu ambacho watu wazima wanadanganywa nacho kila siku, kwenye mikopo, kwenye punguzo la bei dukani, kila mahali.

Siku ya kulijaribisha darasa la saba wakabishana mpaka kengele ikagonga. Upande wa 25 ulikuwa na watu wengi na sauti kubwa. Alafu kijana mmoja ambaye baba yake anasafirisha viazi akasimama, hakutumia asilimia kabisa, akasema kwa utaratibu: "Alikuwa na magunia kumi na tano. Sasa amelipwa kumi na mawili. Matatu yameliwa. Matatu kwenye kumi na tano ni moja ya tano." Akakaa. Darasa kimya, alafu nikaona wanaanza kuandika mmoja baada ya mwingine. Njia yake ni fupi kuliko ile niliyokuwa nayo kwenye karatasi ya majibu, nimeiingiza kwenye mwongozo wa kusahihisha kama ilivyo.

Kipande cha mwisho, bei ya haki, ni 75,000, na hapo ndo asilimia 25 inarudi kihalali, bei lazima ipande robo. Kwa hiyo swali moja lina 20 na 25 zote mbili, na mtoto akimaliza anajua kila moja inakaa wapi. Linaingia sehemu B, ile ya maswali ya kueleza, maksi 7. Hili halitoki hata mtu aje na nini.

Kuna mwalimu aliniuliza kwa nini tuwaletee watoto mambo ya dhuluma kwenye hesabu. Nikamjibu watoto hawa wanabeba hayo magunia wikiendi, dhuluma wanaijua, tunachowaletea sisi ni namna ya kuipima.

Aprili, masika

Mvua imetuchelewesha, barabara ya kwenda shule moja imekatika na majaribio yamesogezwa mbele. Lakini maswali mawili yamekamilika.

Chapati. Fumbo lenyewe ni la zamani, Wazungu wanalo la vipande vya mkate vya kubanika, ila kwetu linakaa vizuri kuliko kwao. Kikaango kinaingia chapati mbili kwa wakati mmoja. Kila upande wa chapati unahitaji dakika 2. Mama ana wateja watatu, kila mmoja anataka chapati moja, wote wana haraka. Dakika chache kabisa ni ngapi? Wengi wanasema 8, mbili za kwanza dakika 4, ya tatu peke yake dakika 4. Binti wa darasa la sita alichora visanduku kwenye daftari, akaandika A1 B1, chini yake A2 C1, chini yake B2 C2, akaniletea bila kusema neno. Dakika 6! B inatolewa imeiva upande mmoja, inasubiri pembeni, inarudi kumalizia na C.

Kabla ya kulipitisha nilikwenda kwa mama wa chapati wa pale stendi nikamuuliza kama kweli unaweza kuitoa chapati haijaiva upande wa pili ikasubiri. Akaniambia mbona ndo anavofanya kila asubuhi foleni ikiwa kubwa, anazipitisha zote kavu kwanza, alafu anazirudisha moja moja kwenye mafuta mteja akifika. Kwa hiyo fumbo letu lina ukweli, na yule mama alishatatua tatizo la kupanga kazi ambalo viwandani wanaajiri watu kulifikiria.

Sasa kilicho muhimu zaidi kwangu ni kipande cha pili: eleza kwa nini haiwezekani chini ya dakika 6. Hapa ndo panapotofautisha aliyebahatisha na aliyeelewa. Chapati tatu zina pande sita, kikaango kinachoma pande mbili kwa mpigo, hivyo lazima mipigo isipungue mitatu, kila mpigo dakika 2, ndo 6. Sentensi moja tu lakini mtoto akiiandika mwenyewe ameandika uthibitisho. Alafu tunauliza chapati 7, na mwenye akili anaona kumbe ni dakika 14, pande 14 mbili mbili ni mipigo 7, nne zinakwenda kwa jozi na tatu zilizobaki kwa ule ujanja wa mwanzo. Na cha mwisho, chapati moja je? Wanaokimbilia kanuni wanasema 2. Chapati moja haiwezi kulala pande zote mbili kwa wakati mmoja jamani, ni dakika 4.

Swali la pili la mwezi huu ni vibaba. Watoto wa mjini hawajui pishi tena, bibi zao wanaijua, kwa hiyo tumeeleza ndani ya swali: kisaga ni vibaba viwili, pishi ni vibaba vinne. Muuza mchele ana kibaba kimoja, kisaga kimoja na pishi moja. Kila chombo anakitumia mara moja au hakitumii kabisa. Anaweza kupima vibaba vingapi na vingapi? Ukikaa ukaandika unaona inatoka 1, 2, 3, 4, 5, 6, 7, hakuna hata kimoja kilichorukwa, na kila kimoja kinapatikana kwa njia moja tu. Tatu ni kibaba na kisaga, tano ni kibaba na pishi, sita ni kisaga na pishi. Alafu tunauliza: akitaka kuongeza chombo kimoja tu ili apime mpaka vibaba 15 bila kuruka, kiwe cha vibaba vingapi? Jibu 8, yaani pishi mbili.

Kijana wa tuisheni alisimama ubaoni akawaonyesha wale wa kidato cha kwanza kwamba hii ndo namna kompyuta inavyohifadhi namba, chombo kimetumika andika 1, hakijatumika andika 0. Wafanyabiashara wa pwani walikuwa na 1, 2, 4 mkononi kabla ya kompyuta yoyote. Nilifurahi mno ile siku, sitaficha.

Mei

Mwezi wa maswali mafupi ya sehemu A. Mengi yamekwenda haraka kwa hiyo naandika kwa ufupi.

La saa limepita. Duka linafunguliwa saa 11 alfajiri na kufungwa saa 3 usiku, linakuwa wazi kwa saa ngapi? Ni saa 16. Mtoto akichukua 11 kutoa 3 anapata 8 na anaridhika, wakati ajiulize tu, duka gani la Mangi linakuwa wazi kwa saa nane tu kwa siku.

La nguo limepita. Shati moja likianikwa juani linakauka kwa saa 2, mashati 5 yakianikwa pamoja kwenye kamba moja yatakauka kwa saa ngapi? Kuna walioandika 10.

La mbio tumelibishania sana. Mwanafunzi anakimbia mita 100 kwa sekunde 12, je, atakimbia kilomita moja kwa sekunde 120? Eleza. Mwenzangu anasema hakuna namba ya kutoa hapo, tutasahihishaje. Mimi nasema hilo ndo zuri lake. Rekodi ya dunia ya mita 1000 kwa wanaume ni ya Noah Ngeny wa Kenya, dakika 2 na sekunde 11.96, aliiweka mwaka 1999. Yaani ukizidisha mara kumi tu bila kufikiria mwili wa binadamu umemfanya mtoto wa kidato cha kwanza ampite Ngeny kwa karibu sekunde 12! Mtoto hahitaji kuijua hiyo rekodi, anahitaji kusema kwamba mtu anachoka, kasi ya mita 100 haidumu kilomita nzima. Limepita kwa kura mbili kwa moja.

La baiskeli, kwa sababu hii ni Tanga na nusu ya watoto wanakuja shule kwa baiskeli. Gia ya mbele ina meno 48, ya nyuma 16, tairi likizunguka mara moja baiskeli inakwenda mita 2.2. Ukikanyaga mzunguko mmoja kamili umekwenda mita ngapi? Tairi linazunguka mara 3, mita 6.6. Hili nimelipenda kwa sababu ukibadilisha gia ya nyuma kila kitu kinabadilika, na mtoto anaweza kugeuza baiskeli yake kichwa chini nyumbani akahesabu.

Lililokataliwa ni la kutuma pesa kwa simu, na jedwali la makato. Wazo zuri, kutuma mara moja au kugawa mara mbili kipi nafuu, ila makato yenyewe yanabadilika badilika na mzazi atakuja na simu yake kubisha kwamba namba zetu si sahihi. Limewekwa pembeni.

Bao limepita na linaingia sehemu B. Wazee wanaocheza chini ya mwembe karibu na msikiti walitusaidia, tulikaa nao jioni nzima. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, safu nne za mashimo manane, na kete 64. Kete haitoki nje ya mchezo, ikiliwa inahamia upande wa pili, na zile ambazo hazijaingizwa bado tunazihesabu kwa mwenyewe. Swali: katikati ya mchezo Salimu amehesabu kete zake zote akapata namba witiri. Je, mwenzake anaweza kuwa na namba shufwa? Thibitisha. Jumla ni 64, shufwa, witiri ukiitoa kwenye shufwa inabaki witiri, kwa hiyo haiwezekani, leo wala kesho, hata wacheze mpaka alfajiri. Mtoto anaweza kujaribu mifano 39 na 25, 41 na 23, lakini mifano mia haitoshi, lazima aseme kwa nini, na hapo tumeandika wazi kwenye mwongozo kwamba mifano mitupu ni maksi 2 kati ya 7.

Mzee mmoja baada ya kulisikia swali alihesabu kete zake pale pale, 27, akamgeukia mwenzake akamwambia wewe una 37, hata usihesabu. Wakahesabu. Ikawa 37.

Tumezingatia kitu kingine hapa. Wasichana wengi hawajakaa kwenye bao, na si haki mtoto akose kwa sababu hakuruhusiwa kukaa chini ya mwembe. Kwa hiyo kila swali linajitosheleza, kinachohitajika kuhusu bao, pishi, lumbesa au gia kiko ndani ya maelezo. Swali likimhitaji mtoto awe ameshaishi maisha fulani ndo aliweze, tunalirudisha likaandikwe upya.

Juni mwanzoni, maksi

Kikao kirefu kuliko vyote. Tuliangalia wengine wanafanyaje. Olimpiadi ya kimataifa ya hesabu, ile iliyoanza Romania mwaka 1959 na ikafika Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2014, Cape Town, inatoa maswali 6 tu kwa siku mbili, kila swali maksi 7, na mtu anapata maksi kwa hoja, sio kwa jibu tupu. Ya Afrika nzima ilianza Rabat mwaka 1987. Upande wa pili kuna shindano la Kangaroo, ilianza Ufaransa mwaka 1991 kwa kuiga shindano la Australia na jina ndo limetoka huko, ile ni ya kuchagua jibu na ukikosa unakatwa robo ya maksi za swali. Ya Wamarekani, shindano lao la hesabu la sekondari linaloitwa AMC, maswali 25 kwa dakika 75, ukipata 6, ukiacha wazi 1.5, ukikosa sifuri.

Tumechagua hivi. Sehemu A maswali 12 mafupi, mtoto anaandika jibu mwenyewe, hakuna a, b, c, d, maksi 2 kila moja na hatukati kitu akikosa. Sehemu B maswali matatu, lumbesa, chapati na bao, maksi 7 kila moja kwa mtindo wa olimpiadi. Jumla 45. Swali la vibaba limekwenda sehemu A kwa sababu jibu lake ni fupi ingawa roho iliniuma. Kuchagua majibu nimelikataa kabisa, watoto wetu wanakutana nalo vya kutosha, na swali la kosta likiwa na 4, 5, 6 na 7 pale chini limeshakufa, mtoto anaona hakuna "4 baki 19" anajua moja kwa moja azungushie 5.

Kuhusu adhabu ya kukosa, kijana wa tuisheni aliitaka, anasema inazuia kubahatisha. Mimi na mwenzangu tumesema hapana kwa mwaka wa kwanza. Mtoto anayeogopa hesabu ukimwambia na kukatwa utakatwa, ataacha karatasi nyeupe, na karatasi nyeupe haituambii chochote. Bora aandike nahodha ana miaka 36 tujue pa kuanzia.

Wazazi wawili wamekuja kuuliza kama maswali haya yatatoka kwenye mtihani wa taifa. Niliwaambia kweli, hayatatoka haya. Lakini mtoto aliyebishana wiki nzima kuhusu 20 na 25 ukimpa asilimia za mtihani hazimtishi. Mmoja aliondoka ameridhika, mwingine anataka kuona matokeo kwanza, na ana haki.

Juni mwishoni

Pepa imefungwa. Kila swali limesomwa na mwalimu wa Kiswahili, ambaye alikuwa msaada mkubwa kuliko nilivyotarajia, amekata sentensi ndefu zote na kuhakikisha kila swali la sehemu A linasomeka kwa pumzi moja. Michoro ya bao na ya kikaango amechora mwanafunzi wa kidato cha tatu kwa mkono, ni safi. Muda ni saa moja na nusu. Kidato cha kwanza wamebadilishiwa lugha ya kufundishia kuwa Kiingereza miezi michache tu iliyopita, ila pepa yetu ni Kiswahili kwa wote na wanaruhusiwa kujibu kwa lugha wanayotaka, na wasahihishaji wameshaelekezwa.

Steshenari wametupa bei nzuri ya fotokopi kwa sababu tunachapa nyuma na mbele, na msikiti na kanisa la jirani wote wamechangia karatasi. Wasahihishaji watakuwa wawili kwa kila swali la sehemu B, wakitofautiana zaidi ya maksi moja anaitwa wa tatu.

Kilichobaki ni swali la kuwatenganisha watakaofungana, na usiku wa jana tumelipata. Ni la zamani sana, Mfaransa anayeitwa Bachet aliliweka kwenye kitabu mwaka 1612 akitumia mawe manne ya kupimia, sisi tumepunguza yakawa matatu na tumelipeleka sokoni. Muuza viazi ana mzani wa sahani mbili na mawe matatu tu, la kilo 1, la kilo 3 na la kilo 9. Mawe anaweza kuyaweka sahani yoyote, hata ile yenye viazi. Je, ni uzito gani wa kilo kamili anaoweza kuupima? Tumelijaribisha kwa walimu watatu asubuhi hii na wawili wamesahau kwamba jiwe linaweza kukaa upande wa viazi, wakaishia kwenye majibu saba, wakati yapo yote kuanzia kilo 1 mpaka 13. Linafaa. Linachapwa kwenye karatasi ya peke yake, kwenye bahasha, litafunguliwa siku ile tu kama kuna watakaofungana.